Kutoka Maruku Hadi Mjini: Safari ya Dakika 78



Anayepanda Maruku kwa mara ya kwanza akitokea mjini Bukoba huliacha ziwa nyuma yake. Njia hupanda, hewa hupoa, na migomba husogea pande zote mbili za barabara mpaka nyumba zisionekane ila mapaa yake. Chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni kuna maharage. Hicho ndicho kibanja cha Mhaya, shamba na maskani kwa pamoja. Baina ya vibanja na vibanja hutokea uwanda wa nyasi tuuitao rweya, ambako upepo hauna kizuizi na ambako mtu akitazama mashariki huliona Ziwa Victoria limetanda. Hapa palikuwa makao ya watawala wa Kanyangereko enzi za Bakama, na hapa pana kituo cha utafiti wa kilimo ambacho wakulima wa migomba na kahawa wanakifahamu vyema. Ni mahali pa utulivu. Mgeni akilala kwetu hasikii kitu usiku ila vyura na mbwa, mpaka adhana ya alfajiri.

Nimeianza makala kwa adhana kwa sababu ndiyo iliyonipeleka katika safari ninayotaka kuisimulia. Si safari ndefu. Haifiki kilomita 20. Nimeipita mara mia kadhaa tangu utoto bila ya kuihesabu, na siku moja nikailazimika kuihesabu dakika kwa dakika.

Adhana iliyokatika

Muadhini wetu ni mzee aliyeinua sauti juu ya kilima hiki kwa zaidi ya miaka 20. Alfajiri moja, saa 11:40, alianza kuadhini kama kawaida. Alipofika katikati maneno yakawa mazito, mfano wa mtu mwenye chakula kinywani. Neno moja likaburuzika, jingine likapotea, kisha kipaza sauti kikanyamaza. Nilikuwa nyumbani nikitawadha. Nilidhani umeme umekatika.

Nilipofika msikitini nilimkuta ameketi chini karibu na mihrabu, bega la kulia limeegemea ukuta. Nilimwamkia shikamoo. Alinitazama, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa na neno ndani yake. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umelegea na mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Mmoja wetu alimletea maji yenye asali. Alipojaribu kumeza alikohoa sana mpaka macho yakamtoka machozi.

Tulimbeba hadi kwake. Mkewe alitupokea mlangoni, akaniambia, "Waitu Mwalimu, mzee alitoka hapa mzima. Kanisalimia, kachukua tochi, kaondoka." Hayo alikuwa akiyasema saa 12 asubuhi. Yaani tulikuwa na kitu ambacho, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, madaktari wengi hukitamani na hukikosa: saa kamili ya kuanza kwa maradhi. Wagonjwa wengi huamka wakiwa tayari wamepooza, na hakuna ajuaye kama jambo limetokea saa nne za usiku au saa kumi. Kwa mzee wetu, kijiji kizima kiliisikia saa hiyo kupitia kipaza sauti.

Nini tulifanya na saa hiyo? Hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito, kwani mwenye kuulizwa ni mimi. Mzee mmoja alisema ni upepo mbaya. Mwingine akasema mtu anayeamka usiku wa manane kila siku hukutana na mengi. Walinigeukia mimi, katibu wa kamati, mtu aliyesoma chuo cha Kiislamu, ili niseme neno la mwisho. Nami nikasema tusome. Tukasoma. Tuliswali alfajiri, tukarudi, tukasoma mpaka jua likapanda, tukampaka mafuta ya habbat sauda, na kila alipofumba macho tulisema anapumzika.

Saa 7 mchana alifika binti wa jirani ambaye ni muuguzi. Hakuuliza swali. Aliuinua mkono wa kulia wa mzee, akauachia, nao ukaanguka. Akasema, "Hiki ni kiharusi. Kwa nini bado yuko hapa?" Gari liliondoka Maruku saa 8:10. Tulifika hospitalini mjini saa 9 kamili alasiri. Tangu adhana ikatike zilikuwa zimepita saa 9 na dakika 20.

Swali la daktari

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, pengine rika langu. Swali lake la kwanza halikuwa jina wala umri. Aliuliza, "Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?" Nilipomjibu, aliangalia saa ya ukutani, akanyamaza kidogo, kisha akaendelea na kazi yake. Ukimya ule nimeubeba mpaka leo.

Mzee alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT-Scan. Katika miaka ya karibuni mashine hizi zimesambazwa katika hospitali za rufaa za mikoa, nyingi zikinunuliwa kutokana na shilingi trilioni 1.3 za mpango wa Uviko-19. Zamani mtu wa huku alilazimika kuvuka ziwa ili apate picha ya namna hiyo. Picha ya mzee ilionyesha kwamba hapakuwa na damu iliyovuja. Kiharusi chake kilikuwa cha kuziba.

Baadaye jioni, kazi ilipopungua, daktari alinieleza. Kiharusi ni cha namna mbili. Namna ya kwanza mshipa wa damu hupasuka, damu ikamwagika ndani ya ubongo. Ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa wengi zaidi, bonge la damu huziba mshipa, na sehemu ya ubongo iliyo mbele yake ikakosa damu. Ukitaka mfano wa kwetu, fikiri bomba linaloteremsha maji ya chemchemi hadi kijijini. Bomba likipasuka, maji hupotea na tope hujaa. Likizibwa na jiwe, huko chini ndoo hukauka. Kwa macho, nyumba zote mbili zimekosa maji. Ila fundi hawezi kuzitengeneza kwa njia moja, na kwa mgonjwa ni CT-Scan inayompa daktari jibu la haraka kama ni kupasuka au ni kuziba.

Kwa kiharusi cha kuziba kuna tiba mbili kubwa zinazouondoa mzibo wenyewe. Ya kwanza ni dawa ya sindano inayoyeyusha bonge la damu. Ilithibitishwa na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995, wagonjwa 624, wakitibiwa ndani ya saa 3 tangu dalili kuanza. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ulionyesha kwamba yaweza kufaa hadi saa 4 na nusu. Baada ya hapo hatari ya kusababisha kuvuja damu kwa kawaida huipita faida yake. Dawa hii ni ghali, na hospitali nyingi za nchi yetu hazina.

Ya pili ni kuling'oa bonge lenyewe. Daktari huingiza mrija mwembamba katika mshipa mkubwa wa kinena au wa kifundo cha mkono, akausukuma kwa kutazama picha za eksirei mpaka shingoni na hatimaye ndani ya ubongo. Akilifikia bonge, hufungua kiwavu kidogo cha waya kikalikamata, au hulivuta kwa pampu, kisha hulitoa nje kwa njia ile ile. Fuvu halifunguliwi. Mwaka 2015 tafiti tano kubwa zilikata shauri kuhusu tiba hii. Ile ya Uholanzi, yenye wagonjwa 500, ilionyesha kwamba baada ya siku 90, katika kila wagonjwa 100 waliofanyiwa hivyo ndani ya saa 6, takriban 33 waliweza kujitegemea, ilhali kwa wasiofanyiwa walikuwa 19. Mwaka 2018 tafiti nyingine zilionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa, wakichaguliwa kwa picha maalumu, huweza kufaidika hadi saa 24. Tiba hii ni kwa wale tu ambao mshipa wao mkubwa umezibwa, si kwa kila kiharusi.

Mtaalamu mmoja wa Marekani alikadiria mwaka 2006 kwamba mshipa mkubwa ukizibwa, ubongo hupoteza seli za neva takriban milioni 1.9 kila dakika. Nilipoisikia hesabu hiyo nilikumbuka juzuu tulizozisoma kabla ya kuita gari.

Kuipima njia

Mwezi mmoja baadaye kamati ilinituma nifanye jambo dogo: niipime njia. Jumamosi asubuhi nilisimama mlangoni pa msikiti na saa mkononi, vijana wanne wakiwa na machela tuliyoitengeneza kwa mianzi na turubai, na kijana mmoja akilala juu yake kama mgonjwa.

Nilimpigia simu mwenye gari. Toka simu ipokelewe hadi gari kusimama barabarani zilipita dakika 18. Kumtoa mgonjwa kupitia kibanjani, ambako njia ni nyembamba na majani ya migomba yaliyotandazwa huteleza, zilitumika dakika 11. Tungeweza kumbeba huku gari likiwa njiani, ila tulihesabu kwa ubaya wake, moja baada ya nyingine. Safari ya gari ilichukua dakika 42. Tulipita vibanja, tukakata rweya, na njia ilipoanza kuteremka ziwa likajitokeza lote mbele yetu, na kisiwa cha Musira kimekaa kandoni mwa mji. Wageni husimama hapo kupiga picha. Mimi nilitazama saa. Toka langoni mwa hospitali hadi mapokezi ni dakika 7. Jumla, dakika 78.

Kwa hiyo mzee wetu angeweza kuwa mbele ya daktari kabla ya saa 1:15 asubuhi, siku ile ile, kwa barabara ile ile, kwa gari lile lile. Kilichotuchelewesha hakikuwa umaskini wala umbali. Tulikuwa tumekaa tu.

Nikiwa na ile karatasi ya dakika mkononi, niliendelea kuhesabu kwa mawazo njia iliyobaki. Hospitali ya kanda ya Bugando iko Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Meli ya MV Victoria huondoka jioni ikafika asubuhi. Kwa barabara, kupitia Muleba, Biharamulo na Geita, ni zaidi ya kilomita 400. Kivuko cha Busisi, kilichokuwa kikiwaweka wagonjwa foleni, sasa kimepata daraja la kilomita 3 la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, alhamdulillah. Hata hivyo, hiyo ni safari ya karibu siku nzima ya kazi. Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ina mtambo wa kutibu mishipa ya ubongo kwa kupitia ndani ya mishipa yenyewe bila kufungua fuvu, ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Hospitali zenye mitambo na wataalamu wa namna hiyo ni chache mno katika Afrika Mashariki nzima.

Sitaki kumdanganya msomaji. Kwa hali ilivyo leo, mtu wa Maruku aliyezibwa mshipa wa ubongo ana nafasi ndogo ya kufikiwa na ule mrija ndani ya saa 6. Ni haki yetu kuomba huduma hizi zisogezwe kanda ya ziwa, na walio na dhamana watusikie. Lakini nilimuuliza daktari swali ambalo wengi wenu mnaliuliza sasa: ikiwa dawa ya kuyeyusha haipo na mtambo uko Dar es Salaam, kuwahi kuna faida gani?

Akanijibu kwa utaratibu. Picha ikipigwa mapema na ikionekana hapana damu iliyovuja, mgonjwa huanzishiwa aspirini, nayo hupunguza hatari ya kiharusi cha pili katika siku za mwanzo. Presha na sukari huangaliwa. Muuguzi humpima kama anaweza kumeza kabla ya kumpa chochote, maana maji yakiingia mapafuni huleta homa ya mapafu, na homa hiyo huwaua wengi ambao kiharusi chenyewe hakikuwaua. Hugeuzwa kitandani asipate vidonda. Mazoezi huanza mapema. Uangalizi huu wa pamoja hauna mtambo wa ajabu ndani yake, na imethibitishwa katika nchi nyingi kwamba huokoa maisha na huwarudisha watu majumbani mwao. Na yule mmoja ambaye angeweza kusafirishwa kwa ndege, atajulikana tu ikiwa amefika asubuhi, si alasiri.

Nilikumbuka maji ya asali na kikohozi cha mzee. Sikusema kitu.

Si sisi peke yetu

Nilidhani kosa letu ni la watu wa kijijini. Sivyo. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika eneo la jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, walikuta takriban watu 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka kule Hai, na 316 Dar es Salaam, idadi kubwa sana hata kwa kulinganisha na nchi tajiri. Watafiti wengine waliwauliza watu wa sehemu hizo hizo kiharusi kinatokana na nini. Kule Hai, vijijini, wengi walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Ni jijini Dar es Salaam ambako wengi walitaja majini na uchawi, na ambako mgonjwa alianza kupelekwa kwa waganga. Kwa hiyo kukaa mjini hakumfanyi mtu aijue presha.

Nami sikuwa mjinga wa dini. Naijua kauli ya Mtume wetu (S.A.W.) juu ya kujitibu, na kisa cha kumfunga ngamia kwanza ndipo kutawakali. Nimevifundisha darasani. Siku ile nilivisahau, kwa sababu kusoma kulikuwa jambo ninaloliweza, na watu walikuwa wananitazama. Kisomo ni haki na shifaa ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.) peke yake. Ila hakuna aliyetukataza kusoma ndani ya gari.

Tulichokubaliana

Kamati ilikutana baada ya Isha, na mambo tuliyokubaliana ni mepesi. Nayaandika hapa ili msikiti wowote uyachukue.

Mlangoni pa msikiti, upande wa wanaume na wa wanawake, tumebandika karatasi yenye maneno manne: uso, mkono, maneno, muda. Mwambie mtu atabasamu, uone kama mdomo umekwenda upande. Mwambie ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Mwambie arudie sentensi fupi, usikie kama maneno yanavurugika. Likionekana moja katika hayo ghafla, andika saa na ita gari. Dalili zikipita zenyewe baada ya dakika chache, bado aende, kwani hilo mara nyingi ni onyo. Mke wa mzee alikuja kukumbuka kwamba wiki mbili kabla, kikombe cha chai kilimdondoka mzee mkononi, na baada ya muda mkono ukarejea. Walicheka pamoja.

Chini ya karatasi hiyo pana namba za wenye magari watatu waliokubali kuamshwa saa yoyote, na mfuko wa msikiti ndio unaolipa mafuta kwanza. Machela imetundikwa stoo. Tumekubaliana pia yasiyofanywa: mgonjwa hapewi maji, asali wala chakula; hapewi aspirini nyumbani, maana kama mshipa umepasuka huzidisha kuvuja; wala haongezewi vidonge vya presha ili ishuke haraka. Akiwa anatapika au amelegea, alazwe ubavu. Anayefuatana naye awe yule aliyemwona mzima mara ya mwisho, achukue na dawa zake zote, na mmoja apige simu hospitalini kabla gari halijafika.

Kisha kuna presha, ambayo ndiyo mzizi mkubwa. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, yule binti muuguzi hukaa barazani baada ya swala na kipimo chake. Siku ya kwanza wazee wengi walikataa wakisema hawaumwi. Ni kweli hawaumwi, kwa kuwa presha haiumi. Mama mmoja alisema ana vidonge, ila huviacha Ramadhani yote kwa ajili ya funga. Tulimwelekeza kwa daktari, na dawa zake zikapangwa wakati wa futari na daku. Wako wengi kama yeye katika kila msikiti, nao hufanya hivyo kwa nia njema. Hutuba zetu za mwezi wa Shaabani zinapaswa kuwafikia. Na chumvi nayo tuipunguze katika vikaango vyetu, hata msimu wa senene.

Mzee wetu leo

Msomaji atataka kujua habari za muadhini. Yu hai. Mguu wake unamfikisha msikitini kwa bakora. Mkono wa kulia bado ni mzito, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa kazi ya kuzivuta punje za tasbihi moja moja kwa vidole vyake. Mkewe hukaa naye kila asubuhi chini ya migomba. Akiziacha, humwambia, "Waitu, bado thelathini," naye huendelea.

Ulimi ulichelewa zaidi. Kwa wiki nyingi hakuweza kuomba maji kwa jina lake. Lakini siku moja tulipokuwa tumekaa naye, mmoja wetu alianza Suratul Fatiha, na mzee akaifuata yote mpaka mwisho, waziwazi. Tulidhani amepona. Alipomaliza alitaka kusema jambo, na maneno yakamkimbia tena. Daktari alitueleza kwamba hilo hutokea: yale ambayo mtu ameyarudia maisha yake yote huhifadhiwa kwa namna nyingine, na huweza kubaki hata pale maneno ya kawaida yanapopotea. Tuendelee kusoma naye, alisema, kwani ni zoezi pia.

Basi tunasoma naye kila baada ya Alasiri. Sasa anataja majina ya wajukuu, na juzi aliniita "Katibu," neno ambalo hakuwa amelitamka tangu alfajiri ile. Adhana anaadhini kijana wake. Mzee hukaa safu ya mbele, na kila kijana anapofika pale katikati, namwona ameinua uso akisikiliza.

Mimi pia husikiliza hapo. Saa yangu huwa mkononi.

Wabillahi tawfiq.